Mkojo na Kinyesi Vipimwe kwa Mizani Mbili

Anayepanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho au Uru hukutana na kazi ambayo haimtii mtu aibu: samadi ya ng'ombe wa ndani ikichotwa zizini na kuwekwa kwenye mashina ya migomba na kahawa. Kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba ya Mchagga, kimeishi kwa mzunguko huo kwa vizazi vingi. Lakini mweleze mwenye kihamba hichohicho habari za choo cha ikolojia, yaani choo kikavu kinachotenganisha mkojo na kinyesi ili vyote virudi shambani, na utaona uso wake ukibadilika. Wamisionari wa Kijerumani walioishi mlimani Kilimanjaro waliandika habari za ngoso, siri ya jando la Wachagga iliyodai kwamba mwanamume aliyekwisha kuingizwa utu uzima haendi tena haja kubwa. Jambo lililofichwa kwa kiwango hicho haliwezi kutolewa hadharani kwa semina ya siku moja, na watetezi wa vyoo hivi wakipuuza uzito huo wa staha watajenga vyoo vitakavyoishia kuwa stoo za kuni.

Hata hivyo, naona mjadala huu wa kurudisha taka za binadamu shambani umeharibiwa zaidi na kosa la pande zote mbili: kuzungumzia mkojo na kinyesi kana kwamba ni kitu kimoja. Mtu mmoja hutoa takriban lita 500 za mkojo kwa mwaka na kilo 50 hivi za kinyesi. Sehemu kubwa ya naitrojeni, kirutubisho cha mimea, imo kwenye mkojo, ilhali karibu hatari yote ya magonjwa imo kwenye kinyesi. Anayesifia mbolea na anayeogopa kipindupindu wanasema kweli wote wawili, ila kila mmoja anazungumzia chombo chake.

Tuanze na mkojo. Makadirio yaliyofanywa kwa Uganda, nchi ambayo mlo wake wa ndizi na maharage hauko mbali na wa mlimani, yanaonyesha kwamba mkojo wa mtu mmoja hubeba takriban kilo 2.2 za naitrojeni kwa mwaka. Familia ya watu sita basi inafikisha kilo 13, na mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya urea una kilo 23. Kaya inapoteza chooni zaidi ya nusu ya mfuko kila mwaka, na waliopita dukani mwaka 2022, bei ya mbolea ilipopanda hadi serikali ikaleta ruzuku, wanajua maana ya nusu mfuko. Matumizi yake si magumu: mkojo huhifadhiwa kwenye dumu lililofungwa ili naitrojeni isipotee hewani, huzimuliwa kwa maji, humiminwa kwenye mfereji mdogo pembeni mwa shina na kufukiwa papo hapo, na huachwa mwezi mmoja kabla ya kuvuna.

Lakini hesabu hiyohiyo ina upande wa pili ambao watetezi hawapendi kuutaja. Lita 3,000 za familia hiyo ni madumu 150 ya lita ishirini. Kwenye kihamba, ambako mgomba uko hatua kumi kutoka chooni, madumu hayo yanabebeka. Ila mahindi ya familia nyingi hayapo kihambani. Yako kwenye shamba la tambarare, mwendo wa gari, na hakuna atakayelipia pikapu kusafirisha kitu ambacho thamani yake ni sawa na nusu mfuko wa urea unaobebeka begani. Na tusijifiche kwamba mbebaji wa madumu, kwa kawaida, atakuwa mama au mtoto.

Kinyesi ni kesi nyingine kabisa, na hapa ninawaelewa wenye hofu. Mayai ya minyoo ya tumbo hudumu udongoni kwa miaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka kinyesi kikavu kihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 35, na mwaka mmoja na nusu hadi miwili pakiwa na baridi zaidi ya hapo. Kwa hiyo mwaka mmoja wa Moshi mjini si sawa na mwaka mmoja wa Machame ya juu, na Arusha, pamoja na baridi yake ya Juni na Julai, iko mpakani. Niliwahi kusimama nyuma ya choo cha vyumba viwili vya kinyesi, kimoja kikitumika na kingine kimefungwa, huko Uru mlango wa chumba kilichojaa ulipofunguliwa. Kilichotoka kilikuwa kikavu, rangi ya majivu, na hakikunuka kuliko udongo wa chini ya jiwe. Mama mwenye nyumba alikichota kwa koleo na kusambaza mabonge kwa mikono mitupu. Nilipomuuliza kilifungwa lini, alihesabu kwa misimu ya mahindi: mmoja. Msimu haufiki hata miezi minane. Choo kilikuwa kimejengwa vizuri. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba kutokuwa na harufu hakumaanishi usalama.

Mjini shida hii huwa kubwa zaidi. Kwenye nyumba za kupanga za mitaa kama Unga Limited ya Arusha au Majengo ya Moshi, choo kimoja hutumiwa na kaya nyingi, wapangaji huhama, na wengi wetu huchamba kwa maji. Choo kikavu kinahitaji maji ya kuchambia yapite njia yake na majivu yanyunyizwe kila mara. Wageni wawili wasioelekezwa wanatosha kukilowesha na kuamsha funza. Lakini anayesema basi tubaki na choo cha shimo aeleze pia habari za wanaotapisha vyoo mvua kubwa ikinyesha, ili mto uchukue kilichomo. Tena tayari tunakula kutokana na majitaka: huko Mabogini, chini ya Moshi, maji yanayotoka kwenye mabwawa ya kutibu majitaka humwagilia mashamba ya mpunga. Swali la kama taka zirudi shambani lilikwisha kujibiwa na wakulima wenyewe, na kwa sasa wengi wao wanaingia majini bila viatu.

Kuna kikwazo kimoja cha soko ambacho hakina mjadala. Viwango vya GLOBALG.A.P., vinavyofuatwa na mashamba mengi ya mboga za kuuza Ulaya, vinakataza tope la majitaka ya binadamu, hata lililotibiwa. Mkulima wa maharage machanga wa Arusha anayeuza huko asiguse kabisa.

Kwa mizani hiyo, ningeruhusu mkojo kihambani leo hii, kwenye migomba, mahindi ya karibu na majani ya ng'ombe, bila kungoja mradi wowote. Kinyesi ningekizika na kukiacha: shimo fupi la kina cha mita moja, majivu na udongo kila baada ya matumizi, kibanda kihamishwe likijaa, na juu yake upandwe mgomba au mparachichi. Hapo hakuna anayefungua mlango wala kuhesabu miezi, na hata yule anayeona haya hana cha kushika, mradi shimo liwe mbali na chemchemi na mfongo, yaani mfereji wa maji wa asili ya Wachagga. Mjini, fedha ambazo zingejenga vyoo vikavu kwenye nyumba za kupanga ningezielekeza kwenye kupunguza gharama ya gari la kunyonya majitaka, ili mwenye nyumba wa Unga Limited aone ni nafuu kuliita gari kuliko kungoja mvua ya Aprili, na tope lifike kwenye mabwawa linakoweza kutibiwa na watu wenye buti na glavu.