Unapochagua tanuri la pizza la uani, anza na jiwe

Malindi si mji wa kufundishwa pizza. Mradi wa anga wa Italia uitwao San Marco ulipoweka jukwaa lake la kurushia roketi katika Ghuba ya Ungwana, na mwaka 1967 setilaiti ya kwanza ikarushwa kutoka hapa baharini, Waitaliano waliizoea pwani yetu, wengine wakaja kwa matembezi na wengine wakahamia kabisa, na mikahawa yao ikaja na matanuri ya matofali yenye kuba na moto wa kuni. Sisi tuliokulia karibu na matanuri hayo tulijua mapema kwamba pizza nzuri hutoka motoni kabla hujamaliza kuhesabu mia, ukingo wake umefura na una madoadoa meusi kama ya chapati iliyopatiwa moto sawasawa.

Sasa matanuri madogo ya kuweka uani yanapatikana madukani na mitandaoni, na jamaa na majirani wanaotaka kununua huniuliza swali moja: hili linafika digrii ngapi? Swali hilo si baya, lakini halistahili kuwa la kwanza. Maoni yangu, baada ya miaka kadhaa ya kuokea uani kwangu, ni kwamba mnunuzi aulize kwanza habari za jiwe, yaani sakafu ya tanuri ambayo pizza huivia juu yake: ni la aina gani, lina unene gani, na huchukua muda gani kurudi kwenye joto lake baada ya pizza moja kutoka.

Nieleze sababu. Associazione Verace Pizza Napoletana, chama kilichoanzishwa Napoli mwaka 1984, kinataka sakafu ya tanuri iwe kati ya nyuzijoto 380 na 430 za Selsiasi, kuba iwe takriban 485, na pizza iive kwa sekunde 60 hadi 90. Tazama kwamba sakafu inatakiwa iwe na joto la chini kuliko kuba. Chini, unga hugusana na jiwe moja kwa moja na hupokea joto papo hapo, ilhali juu, jibini, nyanya na ukingo hutegemea mng'ao wa kuba na ulimi wa moto unaopita juu yake, kwa hiyo joto la juu lazima liwe kali zaidi ili pande zote mbili zifike pamoja. Zaidi ya hayo, donge la unga la gramu 250 lina karibu gramu 95 za maji, bado hujahesabu maji ya nyanya na jibini, na sehemu ya maji hayo inapogeuka mvuke hunyonya joto kutoka kwenye jiwe. Jiwe nene lina akiba. Jiwe jembamba likinyonywa mara moja limekwisha, hata kama moto ulio juu yake unanguruma.

Tanuri langu la kwanza lilikuwa na nyuzijoto 500 zilizochapishwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, na kwa kweli hewa ya ndani ilifika huko. Jiwe lake halikuzidi milimita nane. Jioni ya kwanza nilikaribisha watu saba, na pizza ya kwanza ilitoka vizuri hata shemeji yangu akaipiga picha. Ya pili ilikuwa na rangi ya maziwa upande wa chini. Ya tatu ilikuwa imeungua juu, lakini nilipoinua ukingo kwa uma nikaona unga wa chini mweupe, umelegea, umeng'ang'ania jiwe. Nilipojaribu kuitoa ikachanika katikati, mchuzi wa nyanya ukamwagika na kuchemka juu ya jiwe hadi ukawa ganda jeusi. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa na sahani tupu mapajani. Nilidhani hamira ndiyo iliyoniangusha. Wiki iliyofuata nilinunua kipimajoto cha kulenga kwa mwale, kile chenye umbo la bastola, nikapima jiwe kabla na baada ya kuoka: kabla lilikuwa 410, na mara tu pizza ilipotoka, mahali palepale ilipokuwa palisoma 290. Hewa ya tanuri wakati huo ilikuwa bado kali kama mwanzo. Tangu siku ile siamini tena nambari iliyo kwenye boksi, na kipimajoto kile ndicho kifaa cha kwanza ninachomshauri mtu anunue, hata kabla ya tanuri lenyewe.

Kwa hiyo, ukiwa dukani au ukisoma maelezo ya bidhaa, tafuta unene wa jiwe. Kwangu milimita 15 ndiyo mwanzo wa kuzungumza, na zikizidi ni heri, mradi ukubali kusubiri muda mrefu zaidi kabla ya pizza ya kwanza. Matanuri mengi huja na jiwe la kodieraiti, aina ya kauri inayovumilia kupashwa moto na kupoa ghafla bila kupasuka upesi, na hilo linatosha kwa nyumba nyingi. Waokaji wenye hamu ya pizza ya Napoli hasa hulitoa na kuweka kigae cha udongo kinachoitwa biscotto, ambacho asili yake ni eneo la Sorrento. Kigae hiki hutoa joto polepole, hivyo kinaweza kukaa kwenye joto kubwa sana bila kuchoma unga wa chini kabla ukingo haujafura. Bamba la chuma, ambalo wengi hulisifu, lina mahali pake, napo ni ndani ya oveni ya jikoni inayoishia nyuzijoto 250 au 280, kwa sababu chuma hupitisha joto haraka na kufidia upungufu wa oveni. Ukiliweka bamba hilohilo kwenye tanuri la uani lenye nyuzijoto 430, utaokoa ukingo na kupoteza chini yote. Na ikiwa pizza unayoipenda ni ile ya New York, ya dakika tano hadi nane, ngumu kidogo na ya kukunja kwa mkono, basi bamba la chuma ndani ya oveni ya nyumbani litakutosha, usitumie fedha kununua tanuri la uani.

Dalili nyingine ya kuangalia ni uzito. Tanuri la Ooni Koda 12 lina takriban kilo 9, na la Gozney Roccbox lina takriban 20, ingawa ukubwa wa pizza unaoingia katika kila moja haupishani sana. Sehemu kubwa ya kilo hizo za ziada ni jiwe na tabaka za kuzuia joto lisitoke. Tanuri jepesi hubebwa ufukweni kwa mkono mmoja na huwaka upesi, na mwenye nyumba ya watu wawili au watatu atalifurahia. Anayealika ukoo mzima siku ya Idi au Krismasi, akitaka pizza kumi zifuatane, anahitaji uzito huo.

Baada ya jiwe ndipo nishati. Kwa mtu anayeoka mara moja kwa wiki, mimi napendekeza gesi bila kusita. Kichomeo cha kilowati 5 kikiwa wazi kabisa hutumia takriban gramu 400 za gesi kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 13 unaendesha jioni nyingi. Mtungi wa kilo 6 unafaa pia, lakini ukiuvuta kwa nguvu muda mrefu hupoa, hutoka jasho kwa nje, na shinikizo hushuka wakati wageni ndio kwanza wanaanza kula. Hakikisha regulata inaendana na mtungi wako na shinikizo lililoandikwa kwenye kibao cha tanuri. Usikubali fundi akuunganishie regulata ya jiko jingine kwa sababu tu mpira umeingia. Uzuri mkubwa wa gesi ni kwamba unaweza kushusha moto. Jiwe likifika nyuzijoto 400 ninapunguza moto hadi mwisho ndipo naingiza pizza, naiacha sekunde 20 ishike chini, naizungusha, kisha napandisha moto sekunde za mwisho ili ukingo upate rangi. Pizza ikitoka, moto unarudi juu kabisa kwa dakika mbili tatu, na jiwe linapona.

Pwani kuna jambo moja ambalo maelekezo ya viwandani hayalipi uzito: upepo. Wakati wa kusi, hasa alasiri, upepo unaoingia mlangoni mwa tanuri hurudisha moto nyuma au kuuzima, na ukitoka upande wa nyuma huvuta ulimi wa moto nje ya mdomo na kuacha kuba baridi. Nilijaribu pande zote za ua wangu, na nikagundua kwamba upepo ukipita ubavuni, nyuma ya ukuta mfupi wa matumbawe, tanuri hutulia. Usilizungushie mabati kila upande ili kuzuia upepo, kwa sababu moto unahitaji hewa na mtungi hautakiwi kupashwa joto.

Kuni zina harufu na zina moto mzuri unaotambaa kwenye kuba, na hapa kwetu tumebahatika kuwa na mvinje, mti mgumu unaowaka kwa joto kali. Vipande viwe vikavu kabisa, vya unene wa kidole gumba na urefu wa sentimita 15 kwa matanuri madogo. Vifuu vya nazi pia huwaka kwa nguvu, nami huvitumia kuamsha moto. Lakini mwenye tanuri dogo la kuni lazima akubali kwamba atakuwa mlisha moto: kila dakika chache anaongeza vipande, na akisahau wakati wa kutandaza donge, kuba hupoa na pizza itapauka juu. Kazi hii inahitaji watu wawili, mmoja wa unga na mmoja wa moto. Ukiwa na mtoto mkubwa anayependa kukaa karibu nawe, nunua la kuni.

Mkaa siushauri kwa pizza ya aina hii. Najua mkaa ndio tulionao karibu, na kwa mishikaki na samaki hauna mshindani, ila makaa yaliyokolea hayatoi ndimi za moto. Yanapasha sakafu na kuta zilizo karibu nayo, lakini hakuna moto unaopita juu ya jibini, na matokeo ni pizza iliyokauka chini na yenye uso wa mgonjwa. Tanuri linaloruhusu mkaa pamoja na kuni lina faida, kwa kuwa mkaa unashikilia joto la msingi na kuni zinatoa ndimi. Mkaa peke yake hapana.

Mafundi wetu wanaweza kufanya zaidi ya tunavyowaomba. Watu wa pwani walikuwa wanabandika mkate wa mofa kwenye kuta za tanuri la udongo kabla ya pizza kujulikana huku, na mafundi wa jiko la kauri nchini Kenya wamekuwa wakishikiza kikombe cha udongo ndani ya bati kwa mchanganyiko wa saruji na vamikulaiti tangu miaka ya 1980. Vamikulaiti hiyohiyo ndiyo inayozuia joto chini ya sakafu na juu ya kuba ya tanuri la pizza. Fundi mwashi mwenye matofali ya kuhimili moto, udongo mzuri na maelezo sahihi atakujengea tanuri litakalodumu kuliko boksi lolote la chuma. Mwambie jambo moja ambalo wengi hulikosea: urefu wa mlango uwe takriban asilimia 63 ya urefu wa kuba kwa ndani, kwa sababu mlango mrefu humwaga joto na mlango mfupi hunyonga moto. Likikamilika, liwashie moto mdogo siku kadhaa mfululizo ili maji yatoke polepole, ama sivyo litapasuka. Na ujue kwamba tanuri hilo linataka saa moja na nusu hadi mbili za moto kabla ya pizza ya kwanza. Utaona kuba ikiwa nyeusi kwa masizi, kisha masizi yanaungua na matofali yanarudi kwenye rangi yake kuanzia juu kushuka. Weupe huo ukifika kwenye kuta, tandaza donge. Kwa familia inayooka pizza mbili Jumamosi, huo ni upotevu wa kuni. Kwa anayeoka pia mikate na kuchoma mbuzi katika joto linalobaki, sijui kitu bora zaidi.

Fundi wa kuchomelea atakupa pia tanuri la pipa kwa bei nafuu. Likubali tu ikiwa ataweka sakafu ya matofali na kufunika nje kwa pamba ya seramiki, na asitumie bati lililopakwa zinki wala pipa lenye rangi sehemu ya ndani, kwa sababu zinki na rangi zikipata moto hutoa moshi wenye sumu.

Kuhusu ukubwa, tanuri la inchi 12 lisikudanganye ukatandaza pizza ya sentimita 30, kwa kuwa ukingo wa nyuma utakuwa ndani ya moto. Donge la gramu 230 litandazwe hadi sentimita 27 hivi, uwe na nafasi ya kuzungusha. Ubao wa kuingizia uwe wa mbao na wa kutolea uwe wa chuma chembamba, na chini ya pizza nyunyiza semolina kidogo badala ya unga wa ngano, ambao huungua na kuwa mchungu. Sukari tunayozoea kutia kwenye mikate iache kabisa, haistahimili joto hili.

Mwisho ni chumvi ya bahari. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi huanza kutu kwenye skrubu na miguu ndani ya msimu mmoja, kwa hiyo ulipie chuma cha pua, ulifunike tanuri likishapoa kabisa, na uliweke chini ya paa lisilo na kuta. Usilisogeze barazani wala jikoni mvua inaponyesha. Liwe la gesi au la kuni, hutoa kaboni monoksidi isiyo na harufu, na mvua ikizidi ni heri madonge yarudi kwenye friji, ambako yatakaa hadi kesho yake bila kuharibika.