Kuku Apande, Paka Ashuke?

Jumamosi moja asubuhi nilisimama kituoni Mbagala Rangi Tatu na kikapu cha ukili mkononi, juu nimekifunga kanga. Ndani alikuwamo Diwani. Diwani ni paka wangu, dume la rangi ya majivu. Jina alipewa na mdogo wangu, maana haonekani nyumbani mpaka chakula kiive. Siku mbili kabla alipigana na dume la jirani, sikio likachanika, na sasa lilikuwa linatoa usaha. Daktari wa mifugo ninayemwamini yuko Temeke.

Konda alinipokea kwa bashasha. "Twende Temeke, siti ipo dada'angu, siti ipo!" Nikaweka mguu mlangoni. Diwani akalia.

"Nini hicho?"

"Paka. Anaumwa, nampeleka kwa daktari."

"Paka hapandi."

"Amefungwa huyu, hatoki."

"Dada, nimeshakwambia, paka hapandi. Abiria watanishukia wote hapa."

Basi nikawaangalia hao abiria. Siti ya pili kutoka mlangoni alikaa mama mmoja na majogoo wawili ndani ya mfuko wa salfeti, miguu imefungwa pamoja, vichwa viko nje. Mmoja alikuwa anamdonoa kijana wa siti ya pembeni kwenye kiwiko, na kijana hana habari, yuko kwenye simu. Hakuna aliyeshuka. Nyuma kidogo mzee mmoja wa kanzu akaingilia: "Kijana, mwache mwenzio apande. Paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani mwetu." Konda akamjibu kwa adabu kabisa: "Mzee wangu, sijasema najisi. Nimesema paka." Watu wakacheka. Halafu sauti ya mama mwingine, ile ya kunong'ona ili wote wasikie: "Asubuhi yote hii, paka kafungiwa kanga, anapelekwa wapi?" Hapo nikajua nimeshindwa. Ukishaanza kutafutiwa uchawi, siti si yako tena.

Nikapanda bajaji, ikanila elfu kumi.

Wakati wa kurudi Diwani alikuwa ameshachomwa sindano mbili, ya jeraha na ya chanjo ya kichaa cha mbwa, amelegea, kimya kabisa. Nikajaribu daladala tena. Konda huyu alikuwa mwingine. Akakitupia kikapu jicho: "Kuku hao?" Nikaguna tu, mguno ambao si ndiyo wala si hapana. "Mia tano ya mzigo. Weka chini ya siti." Nikalipa, tukafika Mbagala salama. Mnyama ni yuleyule na kikapu ni kilekile. Asubuhi alikuwa mkosi, mchana akawa mboga, na mboga haina shida na mtu.

Ndiyo maana huwa nacheka nikisikia watu wanabishana kama wanyama waruhusiwe kwenye usafiri wa umma. Wamekatazwa lini hata waruhusiwe? Nani hajawahi kusafiri na kuku wa Singida kwenye basi la mkoani, au kusikia mbuzi akilia juu ya keria? Bata, sungura, njiwa, wote tumewabeba. Tunachokikataa sisi ni mnyama ambaye mwenyewe hana mpango wa kumla. Huyo ndiye anayetutia wasiwasi. Tunajiuliza, sasa wa nini?

Msimamo wangu nauweka hapa mapema: mnyama mdogo, aliyefungiwa kwenye kitu kisichopitisha kucha wala mkojo, apande, alipiwe kama mzigo, na ruhusa hiyo iandikwe. Isiwe hisani ya konda aliyeamka vizuri.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni kichaa cha mbwa, na siwezi kuipita juujuu. Ugonjwa ule dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Watu wanaougua duniani, hadi 99 kati ya kila 100 wameupata kwa mbwa. Na mnyama anayesafiri anaweza kusafiri nao. Pemba ni ushahidi wa karibu: kisiwa kile kiliwachanja mbwa mpaka ugonjwa ukakatika, kisha mwaka 2016 ukaingia upya kutoka nje, ikabidi kazi ya chanjo ianze tena mpaka ukaondoka. Anayesema tusipakie wanyama ovyoovyo ana pa kusimamia.

Lakini tuangalie chanjo yenyewe inavyofanya kazi. Wataalamu wanataka mbwa wasiopungua 70 kati ya 100 wa eneo wawe wamechanjwa, ndipo ugonjwa ukose njia ya kupita. Sasa niambie, mtu wa Chanika mwenye mbwa mmoja wa kulinda banda la kuku, hana gari, atamfikishaje kwenye chanjo ikiwa kituo kiko mbali? Bodaboda hamtaki. Daladala hamtaki. Bajaji inataka hela ya kula ya siku mbili. Atafanya wanalofanya wengi, atamwacha. Tukimfungia mnyama mlango wa gari kwa kuogopa kichaa, tunamfungia na mlango wa chanjo, na mbwa asiyechanjwa haendi popote, yuko hapohapo mtaani, anacheza na watoto wetu. Siku ya kichaa cha mbwa duniani ni tarehe 28 Septemba, na sehemu nyingi chanjo hutolewa bure wakati huo. Bure, ukifika.

Kwa hiyo kadi ya chanjo ningeitaka hata mimi. Mwenye mnyama aionyeshe akiulizwa. Diwani anayo, ina muhuri na kila kitu, ingawa kwenye nafasi ya jina daktari aliniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Suala la najisi nalo ni la kweli, na linaniudhi kuona watu wanaopenda wanyama wakilifanyia dhihaka. Wengi wetu wa pwani ni Mashafii, Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafii. Mbwa akikugusa na mate au akiwa na majimaji, ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Mtu ametoka nyumbani ametawadha, kanzu imepigwa pasi, anakwenda Ijumaa Kariakoo, halafu kwenye Coaster iliyojaa analambwa na mbwa wa mtu. Hawezi kukung'uta akaendelea na safari. Atatafuta wapi maji na udongo katikati ya Kilwa Road? Mzee wangu wa asubuhi ile aliyenitetea kwa ajili ya paka, nina hakika kwa mbwa angekuwa upande wa konda, na asingekuwa na makosa.

Ndiyo maana mbwa mkubwa kwenye daladala mimi mwenyewe simkubali. Si kwa dini peke yake. Saa kumi na mbili jioni daladala ya Mbagala haina nafasi ya mguu wa pili wa binadamu. Watu wanaingilia dirishani. Mbwa akikanyagwa mkia mle, atakayeng'atwa si lazima awe aliyekanyaga. Mbwa wakubwa wafuatwe na chanjo mitaani kwao, serikali za mitaa zinajua mabanda yalipo. Treni ni hadithi nyingine. Hii ya reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi Juni 2024, ina mabehewa ya kutosha kutenga kona, hata mwenye mbwa wa kufungwa mnyororo akakaa mbali na wenzake. Kwenye Coaster unatenga kona gani?

Wenzetu huko nje nao hawajakubaliana. London mbwa anashuka mpaka treni za chini ya ardhi, ila kwenye ngazi za umeme sharti abebwe, vidole vyake visinaswe. Ujerumani kwenye treni za taifa mnyama mdogo ndani ya kikapu anakwenda bure, mbwa mkubwa anakatiwa tiketi na anafungwa mdomo. New York ndiko penye kituko: kanuni inasema mnyama awe ndani ya chombo, basi watu wakaanza kuwatia mbwa wakubwa ndani ya mifuko mikubwa ya duka la IKEA, wengine wametoboa matundu manne ya miguu, mbwa anatembea na mfuko wake. Kanuni imefuatwa, nani atabisha? Nimejifunza kitu kimoja kwao, kwamba ukiandika "chombo", andika na kimo chake.

Na hilo la kuandika ndilo ninalolililia. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wanatupangia nauli kwa kilomita. Sentensi chache kuhusu mnyama aliyefungiwa haziwezi kuwashinda, zibandikwe ndani ya gari palepale inapobandikwa nauli. Mnyama awe kwenye kikapu au kasha lenye kifuniko, lisilozidi nafasi ya chini ya siti. Asipande asubuhi watu wanapokwenda kazini wala jioni wanaporudi. Kama pembeni yako amekaa mwenye pumu na anasema manyoya yanamkaba, wewe ndiye uhame, si yeye. Akichafua, usafishe kabla hujashuka. Na wale majogoo nao waingie humohumo kwenye sharti. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008, lakini kila siku unapishana na bodaboda iliyoning'iniza kuku kumi vichwa chini. Kuku ana sheria isiyomfikia, paka ana katazo ambalo mimi sijaliona limeandikwa popote.

Mwakani Diwani anatakiwa kurudi Temeke kwa chanjo nyingine, tarehe imeandikwa kwenye kadi. Pale sokoni kwetu nimeshazungumza na mama anayeuza kuku, amenitafutia tenga dogo lenye mfuniko, kuukuu, bado lina manyoya mawili matatu ya jogoo yamenasa kwenye fito. Aliniuliza kama anifutie. Nikamwambia aache hivyohivyo.