Kasoro ya gari la mtumba ilizaliwa lini, na nani athibitishe?

Siku ya 19 baada ya kulipia gari, shemeji yangu alikwama kando ya barabara kuu ya Mombasa, karibu na Mtito Andei, injini ikinguruma na magurudumu hayasogei. Lilikuwa gari dogo la cc 1300, alilolinunua kwenye yadi moja jijini Nairobi kwa Sh950,000. Alipompigia simu aliyemuuzia, aliulizwa swali moja tu: “Bosi, ulipolichukua hapa lilikuwa linatembea ama halitembei?” Lilikuwa linatembea. Kwa mwenye yadi, mazungumzo yakaishia hapo.

Swali hilo limenikaa kichwani tangu siku ile, maana si la kipuuzi. Limebeba hoja nzima ya wauzaji wa magari yaliyotumika. Gari hili limekwisha kutembea miaka kadhaa nchini Japani, likapanda meli, likashuka Mombasa, na siku uliyolijaribu uliridhika mwenyewe. Yatakayotokea baadaye ni yako na barabara. Hoja hiyo ina uzito. Ila inaacha nje jambo moja: kati ya muuzaji na mnunuzi, ni nani aliye na njia ya kujua gari lilikuwaje kabla ya siku ile?

Tuanze na karatasi. Mkataba aliotia sahihi shemeji ulikuwa na sentensi ambayo ukizunguka yadi za Nairobi au Mombasa utakutana nayo mara nyingi: gari linauzwa jinsi lilivyo na mahali lilipo, na mnunuzi amelikagua akaridhika. Wengi wakiisoma tena gari likishaharibika hukata tamaa, wakiamini wamejifunga wenyewe. Hawajajifunga. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo imekuwapo Kenya tangu 1931, inasema katika kifungu cha 16 kwamba ukinunua bidhaa kwa jinsi ilivyoelezwa, kutoka kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, kuna sharti, hata kama halikuandikwa, kwamba bidhaa iwe na ubora wa kuuzika. Sheria hiyo ya zamani iliruhusu pande mbili kukubaliana kuliondoa sharti lenyewe, na hapo ndipo maneno ya “jinsi lilivyo” yalipopata nguvu. Lakini Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 iliufunga mlango huo. Kifungu chake cha 5 kinayaingiza masharti hayo katika mkataba wa mtumiaji, na kinasema maneno yoyote ya kuyaondoa ni batili. Nyuma yake kuna Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa.

Kwa hiyo mtu asikutishe na sentensi ile. Hata hivyo muuzaji hajaachwa bila kinga. Kifungu hicho hicho cha 16 kinasema kwamba ukilikagua gari kabla ya kununua, huwezi kudai kwa kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzionyesha. Tairi zilizokwisha, kioo chenye ufa, mlango uliopakwa rangi isiyolingana: hayo uliyaona, au ulipaswa kuyaona. Tena sharti lenyewe linamhusu mfanyabiashara. Ukinunua gari la jirani anayehama, ambaye kuuza magari si kazi yake, halikusaidii, isipokuwa awe amekudanganya waziwazi. Sina ugomvi na hilo. Jirani hana fundi wa kudumu wala hajui magari kuliko wewe.

Kazi ngumu ni kujua “ubora wa kuuzika” una maana gani kwa gari lililokwisha kutumika. Kuna kesi mbili za Uingereza zinazofaa kuwekwa bega kwa bega, kwa kuwa sheria yetu ilitokana na ile ya Waingereza ya 1893, na mawakili wetu bado huzichota hoja kule. Zote mbili ziliamuliwa katika Mahakama ya Rufani, Lord Denning akiwa mmoja wa majaji. Ya kwanza ni ya 1965, Bartlett dhidi ya Sidney Marcus. Mnunuzi aliambiwa kabisa kwamba klachi ya gari lile, aina ya Jaguar, ina hitilafu, akachagua kupunguziwa bei alitengeneze mwenyewe. Matengenezo yalipozidi alivyotarajia, akashtaki. Akashindwa. Mahakama ilisema gari la mitumba linatosha likiwa katika hali ya kutumika, hata kama si kamilifu, na anayelinunua ajue kwamba hitilafu inaweza kujitokeza mapema au baadaye.

Ya pili ni Crowther dhidi ya Shannon Motor Co. Jaguar nyingine, ya 1964, ilinunuliwa mwaka 1972 kwa pauni 390, mita ikisoma maili 82,165. Wiki tatu baadaye, baada ya kutembea maili zaidi ya 2,300, injini ilikwama. Gari la miaka minane, bei ya chini, na limesafiri umbali huo wote baada ya kuuzwa. Ungedhani muuzaji angeshinda, lakini mnunuzi ndiye aliyeshinda. Kilichombeba ni kwamba mmiliki wa zamani alifika mahakamani akaeleza kuwa injini ilikuwa imekwisha kuchakaa alipoliachia gari. Kufa kwa injini hiyo wiki tatu baadaye kukawa ushahidi wa hali iliyokuwa nayo siku ya mauzo.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Mnunuzi wa Crowther aliokolewa na mmiliki wa zamani. Mmiliki wa zamani wa gari la shemeji yuko mahali fulani Japani, na shemeji hata jina lake halijui. Gari likishapita kwenye mnada wa kule, linabaki na karatasi ya mnada: daraja la hali yake, kilomita lilizosoma, na alama ya R au RA likiwa liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Karatasi hiyo humfikia aliyeliagiza. Mara nyingi haimfikii mnunuzi wa mwisho, na akiiomba anaweza kupewa nakala isiyo na njia ya kuhakikishwa. Cheti cha ukaguzi kinachotakiwa kabla gari halijapakiwa melini, kwa kiwango cha Kenya cha KS 1515 ambacho pia kinazuia magari yenye zaidi ya miaka minane, kinasema gari lilifaa kuwa barabarani siku ile. Giaboksi haifunguliwi kwa ukaguzi wa namna hiyo.

Sasa tumsikilize muuzaji, maana hapa ana jambo la kweli. Magari mengi madogo yanayotoka Japani siku hizi yana giaboksi za CVT, zinazobadilisha kasi kwa mkanda wa chuma na puli badala ya gia. Zinataka oili yake maalumu. Fundi wa kando ya barabara akimwaga humo oili ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida, anaweza kuiua kwa muda mfupi, na mnunuzi akarudi yadi akilia kwamba aliuziwa gari bovu. Mwingine hutia maji ya bomba kwenye rejeta mpaka injini ichemke, mwingine hupakia mizigo ambayo gari halikuundwa kuibeba. Jamaa mmoja aliyeuza magari miaka mingi Ngong Road aliniambia kilichokuwa kikimkosesha usingizi: gari analorudishiwa si lile alilouza, limepita mikono mitatu ya mafundi asiowajua. Halafu kuna bei. Anayeagiza gari amelipa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16 kabla hajaona senti ya faida. Ukimbebesha dhamana, ataiweka kwenye bei, na anayetafuta gari la bei ya chini kabisa ndiye atakayelikosa.

Ninayakubali hayo yote. Nisilolikubali ni la yadi zinazosema, mambo yakiharibika, kwamba wao ni madalali tu na gari lilikuwa la mtu mwingine aliyeliegesha hapo liuzwe. Mnunuzi aliingia geti lenye bango lao, akaongea na muuzaji wao, na wakati mwingine pesa zikaingia akaunti yao. Kama wewe ni dalali, sema kabla ya pesa kutoka, na umtaje mwenye gari kwenye mkataba.

Nirudi kwenye gari la Mtito Andei. Lilivutwa hadi gereji moja ya Industrial Area. Nilikuwapo fundi alipofungua sufuria ya chini ya giaboksi. Mle hukaa sumaku ndogo za kunasa chembe za chuma, na kwa giaboksi nzima utakuta zimepakwa uji mwembamba wa kijivu, jambo la kawaida. Hizi zilikuwa zimeota ndevu. Fundi alipitisha kidole, akatuonyesha vipande vyembamba kama kucha zilizokatwa, na oili nyeusi yenye harufu ya kuungua. “Hii si ya wiki tatu, mzee,” alimwambia shemeji. “Hii ilikuja hivi.”

Shemeji akamwomba ayaandike hayo kwenye karatasi. Fundi akakataa. Yadi humletea kazi, na yeye ana watoto. Mbaya zaidi, tulipompigia mwenye yadi kumwambia tulichokiona, alijibu kwa upole kabisa: “Mmeshaifungua. Nitajuaje mlitia nini?” Na kwa kweli angejuaje? Pale pale gereji, mbele ya macho yetu, ushahidi ulipatikana na ukapotea ndani ya saa moja. Wewe unayesoma haya gari likiwa limekwama, usiliache lifunguliwe kabla muuzaji hajaitwa kwa maandishi aje au atume fundi wake. Piga picha za mita, lebo ya oili, kila kitu.

Tangu Aprili 2021 tuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzia Milimani, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000 na kutakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Kwa bei ya giaboksi inatosha kabisa, na ningemhimiza mtu yeyote aitumie. Lakini hakimu atauliza kile kile: una ushahidi gani kwamba kasoro ilikuwapo siku ya mauzo? Haki ipo kwenye kitabu, na ufunguo wake anao yule unayemdai.

Waingereza wenyewe waliliona hilo. Kwa Sheria yao ya Haki za Watumiaji ya 2015, aliyenunua gari kwa mfanyabiashara, hata la mitumba, ana siku 30 za kulirudisha akionyesha lilikuwa na kasoro. Zaidi ya hapo, akidai kutengenezewa, kasoro inayojitokeza ndani ya miezi sita huhesabiwa kwamba ilikuwapo tangu mwanzo, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Wala hawakumsahau muuzaji. Uchakavu wa kawaida wa gari la umri ule si kasoro, na gari ni bidhaa ya pekee ambayo, ikirudishwa baada ya matengenezo kushindikana, muuzaji anaweza kukata thamani ya matumizi hata ndani ya miezi sita hiyo.

Miezi sita kwa barabara zetu na mafundi wetu naiona mirefu. Ningependa Bunge litupe siku 90, kwa wafanyabiashara tu, na kwa injini, giaboksi, usukani, breki na chesisi tu. Ndani ya siku hizo muuzaji ndiye aonyeshe kwamba gari lilitoka kwake zima au kwamba mnunuzi aliliharibu. Mnunuzi naye awe na wajibu wa kumpa nafasi ya kwanza ya kuliona kabla halijaguswa. Bei itapanda kidogo, sikatai. Leo hasara hiyo ipo tayari, ila huangukia mtu mmoja kwa mkupuo, mara nyingi aliyekopa kwenye sacco kununua gari la kwanza maishani. Na yadi inayokagua magari yake kwa uaminifu, ambayo sasa hushindwa kwa bei na ile isiyokagua, ingepata nafuu.

Shemeji hakufika mahakamani. Yadi ilimwita baada ya wiki mbili, ikasema kwa moyo mwema itachangia nusu ya giaboksi ya mtumba kutoka Kirinyaga Road. Ilikuwa Sh75,000, bila kazi ya fundi. Alikuwa na mkopo wa kulipa na gari halitembei. Akakubali, na kabla ya kupewa pesa akawekewa karatasi nyingine mezani, yenye sentensi moja kwamba amepokea na hana madai zaidi kuhusu gari hilo, ya sasa wala ya baadaye. Aliisoma mara mbili, akauliza kama anaweza kuondoa neno “baadaye”. Wakamwambia haiwezekani. Akatia sahihi.