Mama Hajui Kusoma

Machi 17, 2020, Waziri Mkuu alipotangaza kwamba shule zinafungwa kwa siku 30 kwa sababu ya korona, nadhani Tabata nzima ni mimi peke yangu niliyefurahi. Siku 30 zile zilikuja kuzaa hadi Juni 29, lakini hayo hatukuyajua. Mimi nilichojua ni kwamba kwa muda mrefu nilikuwa nalipa ada ya darasa la awali, na kila jioni nikimuuliza binti yangu wamejifunza nini, ananijibu, "Tumecheza." Nikamwambia mama watoto, niachie mimi mwezi mmoja tu, shule ikifunguliwa huyu mtoto atakuwa anasoma gazeti.

Kabla sijafika mbali kuna jambo lazima nilieleze. Binti yangu, miaka mitano wakati ule, ana jina la mama yangu mzazi. Kwa hiyo, kama ilivyo kwetu Tanga, sijawahi kumwita kwa jina lake, namwita Mama. Na Mama mwenyewe, aliyenizaa, alikuwa kwetu tangu Februari kwa ajili ya matibabu ya goti. Nyumba moja, Mama wawili, na hatukuwahi kuchanganya. Mama wa kwanza unamwita kwa sauti ya chini, kichwa umekiinamisha kidogo. Mama wa pili unamwita kwa kupaza, huku unaangalia ameshika nini mkononi. Anayesikia anajua. Tatizo ni kwamba maandishi hayana sauti, lakini hilo nalo nilikuja kulijua baadaye.

Kazi yangu ni ripoti za bima, na ofisi ilikuwa imetuambia tufanyie kazi nyumbani. Nikakesha siku tatu naandaa mtaala. Nilianza kwa kupakua mmoja wa bure kwenye intaneti, wa ughaibuni, kurasa 140. Nikachapisha 60 za kwanza pale steshenari, mia mbili kwa ukurasa. Wiki ya kwanza, somo la kwanza: mtoe mtoto nje aokote majani yaliyobadilika rangi kwa sababu baridi inakaribia. Nikachungulia dirishani. Masika imeshika, mwarobaini wa jirani umekolea kijani mpaka unang'aa, na chini yake maji yanapita na ndala ya mtu.

Nikaruka hadi somo la herufi A. Kitabu kinasema anza na tufaha. Nikanunua moja barabarani, elfu moja, nikaliweka mezani kama kombe.

"Mama, hii ni nini?"

"Epo."

"Vizuri sana. Linaanza na herufi gani?"

"E."

Hapo nikakwama. Mtoto kasema E, na kwa alivyotamka yuko sahihi. Kitabu kinasema A. Kiswahili nilichofundishwa mimi kinasema tufaha, yaani T. Tunda moja, herufi tatu. Nikaenda chumbani kutafakari, niliporudi mwanafunzi alikuwa ameshafuta ubishi wote, amebakiza kikonyo.

Nikaachana na wageni, nikatafuta muhtasari wa awali wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Humo nikakuta mambo ya umahiri: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, na michezo imejaa kila mahali. Nikasema kumbe ada yangu inapotelea huku. Kila palipoandikwa michezo nikafuta, nikaweka Hesabu za Ziada. Nikatengeneza ratiba yenye rangi nne kwenye kompyuta: 8:00 Kusoma, 8:40 Kuandika, 9:20 Kuhesabu, 10:00 Uji. Nikaibandika kwenye friji, nikalala usingizi wa mtu aliyeikomboa elimu ya nchi.

Jumatatu saa mbili kamili asubuhi nimesimama sebuleni, shati nimechomekea, maka peni mkononi. Mwanafunzi hayupo. Nikasubiri dakika kumi, nikatoka uani. Yuko kwenye matope na watoto wa jirani. Nikamgeukia dada wa kazi.

"Baba, ratiba si imesema saa nane?" Tena alikuwa ameshajipanga: darasa saa nane mchana, uji saa kumi jioni.

Mama yangu alikuwa kwenye mkeka wake anachambua mchicha. "Mimi nilipoisoma hiyo ya uji saa kumi," alisema bila kuinua macho, "nikajua ndiyo mambo ya mjini."

Siku nyingine nazo si haba. Mwanafunzi alikataa kusoma bila sare, na sare iko kwenye beseni. Alikataa kukaa bila kengele, nikagonga mfuniko wa sufuria. Alikataa kuanza bila wimbo, nikaimba. Akasema Ticha haimbi hivyo. Ba, be, bi, bo, bu tulikwenda vizuri. Da, de, di tukaanguka. Ile d ikishapanda ubaoni anaiita b, nikimsahihisha anaiita b kwa kupiga kelele, na Jumatano alijilaza sakafuni akalia machozi ya haki kabisa, kana kwamba herufi ile imemchukulia urithi wake.

Kuhesabu nilimletea visoda kumi kutoka dukani kwa Mpemba.

"Mama, kumi toa tatu?"

"Siwezi kuwatoa," akasema. "Mvua inanyesha."

Kumbe alikuwa ameshawapanga kuwa familia, kuna baba, kuna bibi, kuna mgonjwa. Nikabadilisha, nikaleta karanga. Karanga hazina ukoo. Zilidumu dakika mbili.

Mara mbili Mama yangu alisema, "Niletee mimi huyo." Na mara zote mbili nilimjibu, "Mama, wewe pumzisha goti. Haya ni mambo ya mtaala." Alisema "Haya." Wanaomjua mama yangu wanajua ile haya yake hugharimu kiasi gani.

Ijumaa mchana nikaandika tathmini ya wiki ili nimtumie mama watoto, muuguzi, yuko zamu. Niliiandika kwa vipande kwenye simu. Kichwa cha habari, kile chenye maneno "Darasa la Nyumbani", kilikwenda kwake salama. Kiwiliwili kikaenda kwenye kundi la ukoo, watu 63, kuanzia Korogwe na Mombasa mpaka Muscat. Nakinukuu kama kilivyokuwa:

"Mama bado hajui kusoma. Wiki nzima amekuwa mkaidi. Anaficha penseli makusudi na Alhamisi amekula vifaa vya hesabu. Juzi amelala sakafuni akalia nusu saa, nikamwacha alie. Usafi anajitahidi ila chooni bado anahitaji msaada. Nashauri tumnyime katuni mpaka abadilike. Mimi nimechoka, kwa kweli. Kama wiki ijayo ni hivi hivi tumtafutie mtu wa kushinda naye, nitamlipa."

Nikachomeka simu kwenye chaji, nikalala.

Niliamka alasiri nikakuta ujumbe 47. Wa kwanza wa shangazi yangu wa Korogwe, sauti ya dakika nne, na hakusalimia. Shangazi yangu husalimia hata anapopiga namba isiyo sahihi. Alikuwa analia na kufoka kwa zamu. "Hajui kusoma nani? Mama yako huyo? Mama yako alikaa chini ya mwembe na kisomo cha Nyerere, akafanya mtihani wa nchi nzima mwaka 1975 na mimba ya kaka yako tumboni, akapita! Barua zetu zote alikuwa anasoma yeye! Leo umemweka sakafuni analia?"

Mjomba wa Muscat alikuwa ameandika kwa utulivu, na utulivu ule ndio ulionitoa jasho: Mwenyezi Mungu ametukataza kuwaambia wazazi hata "ah", na wewe unamnyima mama yako katuni. Chini yake binamu mmoja ameuliza, kwani Mama anaangalia katuni? Mwingine anataka kujua vifaa vya hesabu alivyokula ni vya chuma au plastiki, ili tujue hospitali gani. Kaka yangu wa Arusha alikuwa ameandika neno moja: "Nakuja."

Najua mnachowaza. Ukoo mzima unajua mtoto ana jina la bibi yake. Ndiyo, wanajua. Lakini mtu akishasoma "chooni anahitaji msaada" kuhusu dada yake mwenye goti bovu, hilo la jina anakumbukia wapi?

Nikaufinya ule ujumbe kwa kidole kinachotetemeka, yakaja maneno mawili ya kuchagua, Futa kwa wote, Futa kwangu. Nikabonyeza la pili. Ukatoweka kwangu mimi, mtu pekee ambaye alikuwa hauhitaji. Wengine 62 wakaendelea nao.

Nikaandika haraka haraka: "Jamani samahanini, mmeelewa vibaya, siyo Mama mkubwa. Ni Mama mdogo!"

Kimya cha sekunde kumi. Halafu mama mdogo, mdogo wake mama yangu, anayekaa Pangani na ambaye ni mwanachama halali wa kundi lile, akaandika:

"Mimi?"

Wakati najaribu kueleza hilo, nikasikia kitochi cha Mama kinalia uani. Kile kitochi ukipigiwa, hadi kituo cha daladala wanajua. Akapokea. "Marahaba... Eeh... Nani?... Sakafuni wapi?... Hapana, mimi nipo nachambua mchele... Karanga? Karanga sijala tangu meno haya..." Akanyamaza, akasikiliza muda mrefu. Kisha akaita, kwa ile sauti ambayo sijaisikia tangu nilipovunja mtungi wa maji mwaka 1989.

"Njoo. Na simu yako."

Nikaenda. Ujumbe nilikuwa nimeshajifutia mwenyewe, ikabidi nimwombe shangazi anirudishie, akanirudishia kwa furaha. Mama akasema, "Nisomee." Mtu mzima wa miaka 39 nimepiga magoti mbele ya ungo wa mchele, namsomea mama yangu kwamba Mama bado hajui kusoma. Nilipofika kwenye katuni mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka mchele unamwagika.

"Hiyo d," alisema alipojifuta macho na ncha ya kanga, "mimi iliniliza vile vile. Mwalimu wetu alikuwa kijana tu kamaliza la saba, ananifokea mimi mke wa mtu. Nikaacha kwenda wiki nzima."

"Ukaijuaje sasa?"

"Nilisema niachieni kwanza hiyo, nitasoma zile zisizonichokoza. Walianza na neno la shambani, mahindi, wakalikata: ma, hi, ndi. Mimi nikawa nasoma ma na hi, ile ndi namwachia jirani yangu. Ikaja yenyewe, baada ya wakati." Akageuza shingo. "Mama! Njoo hapa, Mama."

Kwa sauti ya chini, kichwa kimeinama. Na yule mtoto, ambaye mimi humfukuza mtaa mzima kwa mfuniko wa sufuria, akaja mbio akakaa pajani, upande wa goti zima.

Mama akavua kanga ya begani, akaikunjua kwenye mkeka, akaweka kidole cha mtoto chini ya yale maandishi. Nami nikasogea kuchungulia. Humo d haikuwemo. B pia haikuwemo. Walikaa na maneno yale mawili kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi, wakisimama mara mbili kula embe na mara moja kuangalia konokono. Ile "che" ilisumbua, ikawa "ke", ikawa "se", Mama yangu akasema tutairudia, hatuna daladala ya kuwahi. Ratiba yangu ya rangi nne nilimkuta nayo dada wa kazi, anafungia vitumbua.

Usiku, mama watoto ameshatoka zamu na ameshacheka mpaka akakaa chini na viatu, Mama akaniambia, "Lete hiyo simu yako, kwenye huo ukoo. Bonyeza pale pa kusemea, halafu usiseme kitu wewe."

Nikabonyeza. Ikapita sekunde ya kimya, kikohozi kidogo, halafu sauti nyembamba, kidole nakiona kinasukumwa juu ya kitambaa:

"Wa... che. Wa... se... me."

Tukatuma. Kundi likakaa kimya kitambo, watu 62 wanasikiliza. Kisha shangazi wa Korogwe akaandika, na safari hii alianza kwa salamu:

"Asalaam aleikum. Huyo anayesoma ni Mama au Mama?"