Funguo nne zilizosahauliwa

Oktoba 2023 wavamizi waliingia kwenye mfumo wa huduma kwa wateja wa Okta, kampuni inayosimamia jinsi wafanyakazi wa kampuni nyingine wanavyoingia kwenye mifumo yao, wakaondoka na siri za kampuni kadhaa. Cloudflare, kampuni ya usalama wa mtandao, ilikuwa mojawapo. Ikabadilisha maelfu ya funguo zilizokuwa hatarini, lakini nne zikabaki: tokeni moja, yaani neno la siri ambalo programu hulionyesha ili iruhusiwe kuingia, na akaunti tatu za huduma, yaani za programu na si za watu. Hazikubadilishwa kwa sababu waliamini hazitumiki tena. Mwezi uliofuata wavamizi walizichukua hizo hizo nne, wakaingia nazo kwenye seva ya Atlassian ya kampuni hiyo, yenye programu za kuandikia na kufuatilia kazi, wakasoma wiki ya ndani na orodha ya hitilafu, wakafika hadi kwenye msimbo wa programu zake. Taarifa ya Cloudflare ya Februari 1, 2024 inasema kwamba baada ya hapo walibadilisha kila ufunguo wa mifumo yao ya kazi. Zilizidi 5,000.

Nimeisoma taarifa ile mara nyingi, na kila mara nakwama pale pale: waliamini hazitumiki. Hawa ni watu ambao kazi yao ya kila siku ni usalama. Walikuwa na orodha, walikuwa na wahandisi, na walikuwa wameshaonywa. Walichokosa ni njia ya kujua kama ufunguo fulani bado uko hai na nani anaushika.

Naanza na kisa hiki kwa sababu mjadala kuhusu vidhibiti siri, yaani programu za kutunza na kugawa funguo, kutoa tokeni za huduma za mtandao mara nyingi hauligusi jambo hili kabisa. Swali lenyewe wengi wanalijua: tokeni za Consul (inayoziambia huduma zilipo nyingine), za Nomad (inayopanga programu ziendeshwe kwenye seva zipi) au za hifadhidata zitengenezwe kwa mkono na kuwekwa kwenye faili la mipangilio, au kazi hiyo ipewe kidhibiti siri kama Vault, au OpenBao ambayo ni tawi lake chini ya Linux Foundation, ili itoe tokeni mpya kila huduma inapohitaji? Wanaounga mkono husema siri zitakuwa zimefichwa vizuri zaidi. Wanaopinga hujibu kwamba faili lenye ruhusa sahihi nalo linaficha, na halihitaji klasta nyingine, yaani kundi jingine la seva, ya kulea. Kwa hoja hiyo ya kuficha, wanaopinga wana haki. Kama ungetaka kuficha tu, Vault ni mzigo mkubwa mno.

Ila kuficha ndiyo faida yake ndogo.

Tuangalie kinachotokea kwa karibu. Consul ikishapangwa imkatae kila asiye na ruhusa, msimamizi anaipa Vault vitu viwili: anwani ya Consul, na tokeni moja yenye nguvu ya kutengeneza nyingine. Kisha anaandika jukumu, yaani huduma ya malipo inastahili sera hii (orodha ya ruhusa), kwa muda huu, usizidi huu. Tangu hapo huduma ya malipo inapoamka inaomba:

vault read consul/creds/malipo

Inachorudishiwa ni tokeni ambayo sekunde moja iliyopita haikuwepo popote duniani. Pamoja nayo kuna namba ya muhula, yaani ya muda ambao tokeni imeruhusiwa kuishi, na idadi ya sekunde zilizosalia kabla muhula haujaisha. Huduma ikiendelea kuihitaji, inaomba muhula uongezwe. Ikinyamaza, muhula unakwisha na Vault yenyewe inaiendea Consul na kuifuta tokeni ile. Nomad inafanyiwa vivyo hivyo. Wakala za Consul, yaani programu zake zinazokaa kwenye kila mashine, hutunza majibu ya ruhusa kwa sekunde 30 kama hujabadilisha mpangilio, kwa hiyo tokeni iliyofutwa inaweza kupumua nusu dakika zaidi. Baada ya hapo haipo.

Sasa rudi kwa zile nne. Katika utaratibu wa mihula, swali la kama tokeni inatumika halisubiri kumbukumbu ya mtu. Inayotumika inaongezewa muda na huduma inayoitumia, na ombi hilo linaandikwa kwenye daftari la ukaguzi. Isiyotumika inakufa. Huwezi kuwa na tokeni iliyoachwa miaka miwili ikingoja mwenye nia mbaya, isipokuwa kuna programu ambayo imekuwa ikiiombea uhai siku zote hizo, na programu hiyo ina jina.

Niliwahi kuwa ndani ya tatizo hili. Mahali nilipofanya kazi zamani, mhandisi mwenzetu aliondoka, tukatoa orodha ya tokeni zote za Consul ili tufute zake. Zaidi ya nusu ya safu ya maelezo ilikuwa tupu. Moja iliandikwa "ya muda tu". Nikamuuliza kiongozi wetu, "Bosi, hii nifute?" Akaitazama kidogo, akasema, "Iache kwanza. Hatujui imeshika nini." Ulikuwa uamuzi wa busara. Kuifuta kungeweza kuangusha huduma usiku ule, kuiacha hakungeonekana na mtu. Tukaziacha zote. Naamini karibu kila timu inayotengeneza tokeni kwa mkono ina "iache kwanza" zake, na kila moja kati yake ni ile ya tano baada ya zile nne za Cloudflare.

Ndiyo maana nasema upande huu haujaeleweka. Watu wanakiuza kidhibiti siri kama sanduku la kufichia, kumbe thamani yake iko kwenye kumbukumbu: nani alipewa nini, lini, hadi lini. Siri ikivuja, na tuchukulie kwamba siku moja itavuja, unaandika amri moja ya kufuta mihula yote iliyo chini ya consul/creds/malipo, na tokeni zote za jukumu hilo zinakwenda pamoja. Linganisha na Januari 2023, pale CircleCI, huduma ya kujenga na kupima programu, ilipowaambia wateja wake wote wabadilishe kila siri waliyoihifadhi kwake. Kila aliyekuwa na funguo za kudumu ilimbidi kwanza azitafute. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, nayo imeelekea huko: tangu toleo la 1.24 la mwaka 2022 haizalishi tena yenyewe tokeni zisizo na mwisho kwa kila akaunti ya huduma.

Upande wa pili una mambo mawili mazito ambayo sitayapunguza uzito.

La kwanza ni kuweka kila kitu nyuma ya mlango mmoja. Tokeni uliyoipa Vault ili itengeneze nyingine za Consul ina ruhusa ya kuandika sera za ulinzi, na mwenye ruhusa hiyo anaweza kujipa ruhusa yoyote. Kwa hiyo anayeishika Vault anaishika Consul nzima. Mwaka 2022 mvamizi aliyeingia Uber alidai kwamba alikuta ndani ya mtandao wa kampuni hati ya PowerShell, yaani faili la amri, iliyoandikwa nywila ya msimamizi wa mfumo wa kudhibiti siri, na kwamba kutoka hapo alizipata siri za mifumo mingine. Mtu akikuonyesha kisa hicho na kukuuliza umepata nini kwa kukusanya, usimjibu haraka. Jibu langu ni kwamba ufunguo ule wenyewe ulikuwa wa kudumu na umeandikwa kwa maneno wazi kwenye faili, yaani ni ugonjwa ule ule tunaoujadili, uliokutwa mahali pabaya kuliko pote. Lakini hatari ya mlango mmoja bado ipo, na anayeikana anadanganya.

La pili ni uhai wa huduma. Oktoba 28, 2021 Roblox, jukwaa la michezo ya mtandaoni, ilizimika, ikakaa hivyo kwa saa 73. Dalili za mwanzo zilikuwa Vault kuzorota na seva moja ya Consul kuelemewa. Chanzo kilikuwa ndani ya Consul, ambako kipengele kipya cha kusambaza mabadiliko kilisongamana chini ya mzigo mkubwa, pamoja na udhaifu wa BoltDB, hifadhidata ambayo Consul iliitumia ndani yake. Vault haikuwa mkosaji, ila iliitegemea Consul, na Nomad ikazitegemea zote mbili. Ukiiweka Vault itoe tokeni za Consul huku Vault yenyewe ikihifadhi data zake ndani ya Consul hiyo hiyo, umefunga duara, na siku duara likikatika hujui uanzie wapi. Kuna na madogo yanayouma: Vault ikiwashwa upya inaamka imefungwa, na kwa mpangilio wa kawaida inadai watu watatu kati ya watano wenye vipande vya ufunguo. Diski ya daftari la ukaguzi ikijaa na hakuna daftari jingine la kuandikia, inakataa maombi yote.

Hapa kuna hesabu ambayo sioni ikifanywa vya kutosha. Wakala wa Vault, yaani programu inayoiombea huduma tokeni, kwa kawaida huomba nyongeza theluthi mbili za muhula zinapopita. Muhula wa saa moja unaongezwa dakika ya 40. Kwa hiyo wakati wowote Vault ikianguka, huduma iliyo hai ina angalau dakika 20 mkononi kabla haijaumia. Muhula wa saa 24 unaongezwa saa ya 16, na kiwango cha chini kinakuwa saa nane, usiku mzima wa kulala na kuamka kurekebisha. Kumbe kuchagua muda wa tokeni ni kuchagua Vault inaruhusiwa kuzimika kwa muda gani, na timu inayojua kwamba haiwezi kuamka usiku isijidanganye na dakika tano kwa sababu zinaonekana salama kwenye karatasi. Huduma inayoamka wakati Vault imelala haina akiba hiyo, na hilo halina dawa zaidi ya kuendesha seva zaidi ya moja.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni mbaya zaidi. Usipoandika muda wowote, Vault inatumia saa 768, yaani siku 32. Chukua hati ndogo inayojiendesha kila dakika, inaomba tokeni, inafanya kazi yake sekunde mbili, inaondoka bila kuirudisha. Kabla ya kwanza kufa, ziko hai tokeni 46,080, zote halali, zote za hati moja. Consul inazibeba, Vault inazihesabu, na siku ya mihula kuanza kuisha zinadondoka moja kila dakika bila kukoma. Nikisikia mtu anasema Vault ilimwelemea, swali langu la kwanza ni hilo la 768. Aliyeiweka bila kugusa muda amechukua gharama zote za mfumo huu na kuiacha faida yake mlangoni.

Kwa hiyo sikubaliani na anayesema kila mtu auhamie. Timu yenye huduma tatu na mtu mmoja wa kuzitunza, abaki na faili lake, aandike tarehe kwenye kila tokeni, azibadilishe kwa ratiba. Consul inaruhusu kuweka muda wa mwisho kwenye tokeni hata bila Vault. Lakini huduma zikifika kiasi ambacho hakuna mtu mmoja anayeweza kuzitaja zote kwa majina, naona kidhibiti siri kina haki ya kugharimu kinachogharimu. Kihifadhi data zake kwenye hifadhi yake yenyewe, muda wa kila jukumu uandikwe waziwazi, na programu zijaribiwe kama zinaweza kupokea tokeni mpya bila kuzimwa, maana nyingi husoma tokeni mara moja tu zinapowashwa na hufa siku muhula wa juu kabisa unapogota.

Na ile tokeni uliyoipa Vault mwanzoni isiwe ile ya kwanza kabisa ya Consul, iliyozaliwa ulinzi wake ulipowashwa. Tengeneza nyingine kwa kazi hiyo, kisha ya kwanza uifute. Hiyo mpya ndiyo itakayobaki bila muhula, kwa hiyo ijazie safu ya maelezo: ni ya Vault, iliwekwa tarehe fulani, itabadilishwa na fulani.