Mkanda kwenye jukwaa la mkasi: ufungwe au usifungwe?

Sehemu nyingi za kazi zina kanuni moja kwa mashine zote za kunyanyulia watu: ukipanda, funga mkanda wa mwili mzima. Wanaoitetea wana hoja nzuri. Msimamizi akiwa chini hutazama juu mara moja tu, akajua nani amefunga na nani hajafunga. Shida ni kwamba mashine hizi hazimwangushi mtu kwa namna moja.

Kwa mashine ya mkono mrefu, yenye kikapu cha mtu nchani, hakuna cha kubishania. Gurudumu likitumbukia kwenye kishimo kidogo, mtikisiko huongezeka kadiri mkono ulivyonyooshwa, na kikapu humrusha mtu juu ya reli. Huko mkanda ni lazima, kwa kamba fupi iliyofungwa kwenye pete maalumu ya kikapu. Usiifunge kwenye reli, wala kwenye nguzo ya jengo: kikapu kikisogea, nguzo haisogei, na wewe uko katikati.

Ubishi uko kwenye jukwaa la mkasi, linalopanda na kushuka wima likiwa na reli za takriban mita 1.1 kuzunguka. Nchini Marekani, OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, hulihesabu kama jukwaa la ujenzi: reli zikiwa kamili, hailazimishi mkanda. Wasiotaka mkanda huongeza hoja ya vipimo. Kamba ya mita 1.8 yenye kifyonza mshtuko huhitaji nafasi tupu ya mita 5 hadi 6 chini ya mahali ilipofungwa. Akifanya kazi mita 4 kutoka ardhini, atafika chini kabla kamba haijamzuia. Isitoshe, uzito wa mtu unaodakwa ghafla pembeni huivuta mashine nyepesi iangukie upande huohuo, hasa kama pete haikutengenezwa kuhimili anguko.

Hoja hiyo ina nguvu, ila imejengwa juu ya reli ambazo hazikuguswa. Kiuhalisia mlango huachwa bila komeo, reli moja hutolewa ili bomba lipite, na fundi akikosa inchi chache hupanda reli ya kati. Hapo mkanda una kazi, lakini uwe wa kumzuia asifike ukingoni, si wa kumdaka akishaanguka. Kabla ya kupaa, simama kwenye kona iliyo mbali zaidi na pete, kisha inama nje. Kamba ikiruhusu kiwiliwili kuvuka reli, ni ndefu mno, ifupishe.

Kwa maoni yetu, ubishi huu hula muda ambao ungekwenda kwenye kupinduka, na mashine ikipinduka mkanda hausaidii kitu. Soma kibao cha mashine: nyingine ni za ndani tu, na za nje kwa kawaida huishia kwenye upepo wa mita 12.5 kwa sekunde, yaani kilomita 45 kwa saa. Ukishika ubao mpana juu hapo, umeongeza tanga, na kiwango hicho hakikuhesabu ubao wako. Kagua njia, na kengele ya mwinamo ikilia, shuka.

Anayelazimisha mkanda alazimishe na uokoaji. Mtu anayening'inia hubanwa mapajani, damu haizunguki vizuri, na huanza kuzidiwa ndani ya dakika chache. Kwa hiyo lazima awepo mtu chini anayejua mpini wa kushushia jukwaa kwa dharura uko wapi, na awe amekwisha kuujaribu asubuhi hiyo, jukwaa likiwa tupu.