Kima cha chini kinapofika jikoni

Kila Mei Mosi masikio huwa jukwaani: safari hii itaongezwa ngapi? Mama yuko uwanjani na fulana ya chama cha wafanyakazi, na dada wa kazi yuko nyumbani anawapikia watoto. Nyongeza ya dada haipigiwi vigelegele.

Hapa Tanzania, Amri ya Mshahara ya 2013 ilimwekea dada anayelala kwa mwajiri sh 40,000 kwa mwezi. Ya 2022, iliyotumika kuanzia Januari 2023 hadi mwisho wa 2025, ikampandisha hadi 60,000. Asiyelala hapo 120,000, na wa kwa balozi 250,000. Elfu sitini kwa siku thelathini ni elfu mbili, sahani ya wali maharage kwa mama ntilie. Tunajitetea kwamba anakula, analala, sabuni anapewa. Kweli, lakini anayelala kazini hana saa ya kutoka. Usiku mtoto akilia anaamka yeye, na saa kumi na moja alfajiri ndiye anayebandika chai kabla gari la shule halijapiga honi.

Je, kima kikipanda ajira zitakufa? Wachumi David Card na Alan Krueger walilinganisha migahawa ya New Jersey, jimbo la Marekani lililopandisha kima mwaka 1992, na ya jirani zao Pennsylvania, wakakuta ajira hazikupungua. Nawaamini, ila mgahawa hupandisha bei ya baga. Mwalimu wa shule ya msingi atapandisha bei ya nini? Mshahara wa dada unatoka ndani ya mshahara wake. Akibanwa, humsikii akitangaza kupunguza wafanyakazi. Anaita mama wa kufua Jumamosi, mdogo anapelekwa kwa bibi, au analetwa binamu kutoka kijijini “aje akae na sisi”. Binamu anadeki na kupika vilevile, ila huyu ni ndugu, na ndugu halipwi.

Wakenya waliweka kiwango kinachoheshimika: tangu Novemba 2024 yaya wa Nairobi anastahili KSh 16,113.75, zaidi ya laki tatu za kwetu. Hata hivyo, yaya anayelipwa elfu nane au kumi za Kenya hamshangazi mtu mtaani. Afisa kazi huingia kiwandani. Geti la nyumba ya mtu nani atalibisha?

Bado siungi mkono hoja kwamba elfu sitini ilikuwa bei ya kulinda ajira. Ilikuwa bei ya kazi isiyohesabiwa saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 24 mfululizo za mapumziko. Mwalimu wetu huenda asikimudu kima cha asiyelala kazini mwezi huu, lakini Jumapili anaimudu. Na dada akitoka Jumapili, atakutana na wenzake na kuwauliza wao wanalipwa ngapi.